Ploti ya Kitengela, Chumba cha Muthurwa

Broka alikuwa amevaa gambuti. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Ilikuwa Jumamosi ya mvua za Aprili, Kitengela, mbali kidogo na lami, nami nilikuwa nimevaa raba nyeupe kama mtu anayeenda kupigwa picha. Udongo mweusi wa kule hauna huruma. Ulinishika kiatu cha kushoto, nikavuta, mguu ukatoka peke yake. Mume wangu hakuniona. Alikuwa ameshafika nyuma ya nyumba, anapima ua kwa hatua, huku akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea.

"Ona, madam," broka akaniambia, akinyoosha mkono kutoka waya wa huku hadi waya wa kule. "Hii yote ni yako. Watoto watapiga mpira. Utapanda sukuma, utafuga kuku. Kule tao unapata nini? Lokesheni peke yake. Na lokesheni hailaliwi."

Nilicheka, maana ni msemo mzuri. Nikaenda nao nyumbani na ukanikosesha usingizi wiki nzima.

Siku tatu kabla ya hapo tulikuwa tumeona flati Buruburu. Ghorofa ya tatu, hakuna lifti, vyumba viwili vya kulala, na jikoni ambamo watu wawili hawawezi kupishana bila kuombana radhi. Lakini stegi ya 58 iko karibu kiasi kwamba ukiwa kwenye roshani unasikia makanga akiita. Kazi yangu iko Upper Hill. Shule ya binti yetu iko njiani. Bei ya flati na bei ya ile bangalo ya Kitengela zilikuwa zinakaribiana. Pesa zetu, yaani akiba ya miaka tisa kwenye Sacco, mkopo juu ya hiyo akiba, na shamba dogo aliloachiwa mume wangu na ambalo tuliliuza kwa majuto, zilitosha kununua moja tu. Vyumba vitatu na ua, saa mbili kutoka mjini. Au vyumba viwili bila ua, nusu saa kutoka kazini siku ambayo barabara imeamka vizuri.

Rafiki zangu wa rika langu wote wanaongea habari hii, kila mmoja kana kwamba ndiye wa kwanza kuipata. Ruiru au South B? Juja au Ngara? Nafasi au lokesheni? Tunauliza kana kwamba ni suala la tabia: wewe ni mtu wa kijani kibichi au mtu wa mjini? Mimi nina ugonjwa wa kusoma historia jinsi watu wengine wanavyotazama ligi ya Uingereza, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba hili swali hatukulitunga sisi. Tulilikuta limeshachorwa kwenye ramani.

Nianze na hesabu ndogo ya ploti. Kila mtu huiita ploti ya futi 50 kwa 100 "nane ya ekari". Kiswahili cha zamani kina neno lake, thumuni, ndugu yake ile sumuni ya senti hamsini ambayo wazazi wetu walinunulia peremende. Sasa zidisha: 50 mara 100 ni futi 5,000 za mraba. Thumuni kamili ya ekari ni futi 5,445. Kuna futi 445 zinazopotea kati ya mdomo wa broka na chuma cha sorveya. Zikumbuke, nitazirudia.

Na hilo neno lokesheni. Kwetu sisi ni ile pini unayotuma kwa simu ili mtu wa nduthi asipotee. Ushago, lokesheni ni eneo la chifu. Kwenye matangazo ya nyumba ni sifa, kitu cha kulipia zaidi. Lakini Nairobi ya miaka mia iliyopita, lokesheni ilikuwa mahali ulipowekwa. Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, makaratasi ya serikali ya kikoloni yaliiita hivyo hivyo: lokesheni, ya Waafrika. Haikuwa sifa. Ilikuwa amri.

Reli ilifika kwenye kinamasi hiki mwaka 1899, na mji ukaota kando yake kama bohari iliyosahau kuondoka. Ukitazama ardhi yenyewe utaelewa mengi. Magharibi na kaskazini ni vilima, udongo mwekundu, miti, hewa baridi, maji yanateremka yenyewe. Mashariki ni tambarare, udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Wazungu walipanda vilimani. Wahindi walibanwa karibu na Bazaar, ambayo iliteketezwa kwa amri mwaka 1902 baada ya tauni kuzuka. Mwaka 1913 daktari mmoja aliyeletwa kutoka Uingereza, Profesa Simpson, aliandika ripoti akipendekeza kila kabila la watu likae mtaa wake, na sababu aliyotoa ilikuwa afya. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wakibeba mizigo, kufua na kupika, hawakuhesabiwa kuwa wakazi. Walihesabiwa kuwa wafanyakazi waliolala.

Na hata hivyo walijenga. Kabla ya Pumwani kulikuwa na vijiji vyao: Pangani, Maskini, Mji wa Mombasa. Nyumba za udongo, vyumba vya kupangisha, msikiti, hoteli za chai. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwemo wanawake wengi, waliokuja mjini bila mume na bila ruhusa ya mtu, wakadunduliza, wakajenga. Nikisoma habari zao huwa nasimama kidogo. Hao ndio Waafrika wa kwanza wa Nairobi kununua kile ambacho mimi nahangaikia, na walikipata: nafasi yao wenyewe, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Baraza la mji lilijenga Shauri Moyo kuwapokea waliofukuzwa, na wengi waliokuwa wenye nyumba wakajikuta wapangaji. Jina la mtaa huo ni historia tosha.

Babu yangu mzaa baba aliingia mji huu mwaka 1948, akaajiriwa na reli, akapewa kitanda Muthurwa. Nasema kitanda kwa makusudi. Chumba kilikuwa futi kumi kwa kumi na walikuwa wanaume watatu. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 1979. Nyumba yake, ile aliyoiita nyumba, ilikuwa Vihiga: vyumba vinne, mti wa mvule, kaburi la baba yake, na nyanya. Kila Desemba alipewa likizo ya mwezi mmoja, akapanda treni hadi Kisumu na sukari, mkate na kitenge, kisha Januari akarudi. Baba yangu na ndugu zake wote wanne walizaliwa mwezi wa Septemba. Ni utani wa familia, tunauchekea kila sherehe. Siku moja nilikaa nikapiga hesabu: miaka 31, mwezi mmoja kila mwaka. Babu na nyanya waliishi pamoja, katika miaka yote hiyo ya kazi, miaka miwili na miezi saba.

Zile futi 445 ambazo broka anazimeza ni zaidi ya vyumba vinne vya babu.

Kwa hiyo babu alikuwa na vyote viwili, nafasi na lokesheni. Shida ni kwamba vilikuwa karibu kilomita 350 mbali, na mwili wake ulikuwa mmoja. Na hii haikuwa ajali. Mji ulijengwa hivyo. Mshahara wa mwanamume Mwafrika ulikadiriwa kama wa mtu asiye na mke, kwa hoja kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba kwao. Ukimlipa mtu mmoja, unampa kitanda cha mtu mmoja. Shamba la ushago, jembe la nyanya yangu hasa, ndilo lililokuwa likilipa tofauti. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikubali jambo hilo waziwazi: ikapendekeza kima cha chini cha mshahara kipandishwe hatua kwa hatua, kitoke kiwango cha mtu mmoja kifike kiwango cha mtu mwenye familia. Fikiria hapo. Mji wa miaka hamsini na ushee, na ndiyo kwanza karatasi rasmi inasema kwamba mfanyakazi ana mke.

Mwaka huohuo, tarehe 24 Aprili, serikali hiyohiyo ilifunga mji kwa jeshi na kuanza Operesheni Anvil. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa mitaani Eastlands. Wanaume wakapelekwa vizuizini, wanawake na watoto wengi wakarudishwa vijijini. Watu waliokuwa wameanza kuishi mjini kama familia waligundua asubuhi moja kwamba hata makazi yao yalikuwa kibali tu.

Nisiseme hakukuwa na jitihada. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa kufikiria familia. Ina bustani, jumba la mikutano, nyumba za mawe zilizojipanga kwa mviringo, na hadi leo ukipita pale unaona mtu aliyechora alikuwa anawaza watoto. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 nao uliongea kwa lugha nzuri kuhusu mitaa iliyo kamili, yenye shule na duka karibu. Lakini uliiacha mitaa ya Waafrika palepale, mashariki, kando ya viwanda na reli. Upande wa pili wa mji, ploti za ekari moja na zaidi ziliendelea kukaa kwa utulivu chini ya miti. Shamba la kahawa la Karen Blixen lilipouzwa mwaka 1931, lilikatwakatwa likawa makazi. Hao nao walichagua nafasi mbali na mji. Tofauti ni gari lililokuwa nje, dereva, na mpishi aliyeamka saa kumi.

Sasa baba yangu. Alikuja Nairobi miaka ya 1970 na kiapo kimoja: watoto wake hawatamjua kama baba wa Desemba. Alipata nyumba ya baraza Jericho, vyumba viwili, akamleta mama, na wakatulea humo watoto watano. Nilikulia pale na sitadanganya, nilikuwa na utoto mtamu. Uwanja wa mpira ulikuwa nje, maktaba ilikuwa Makadara, baba alirudi kutoka Industrial Area kwa miguu na saa kumi na mbili alikuwa mezani. Alikagua kila kitabu cha hesabu. Ukimuuliza leo anunue nini hatafikiria mara mbili. "Karibu na kazi," aliniambia nilipompigia simu kuhusu Kitengela. "Baba yangu alikuwa na nyumba kubwa. Sikumwona ndani yake."

Nilidhani basi, mambo yameisha. Kisha akampa mama simu.

"Usimsikize huyo," mama akasema, na nikasikia baba akiguna nyuma. "Yeye alikuwa anatoka asubuhi. Mimi ndiye niliyekaa ndani. Unajua mlikuwa mnalala wapi? Wewe na dada yako mlilala chini ya meza hadi ukaingia darasa la saba. Mjomba wenu alikuja kutafuta kazi wiki mbili akakaa miaka minne. Nikitaka kubadilisha nguo natoa watu nje. Nilipojifungua mdogo wenu wa mwisho, nilikaa siku ya pili nimegeukia ukuta ili nipate mahali pangu pa kuangalia. Nafasi, mwanangu. Chukua nafasi."

Sikuwa nimewahi kusikia habari ya ukuta.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kusoma historia ya nyumba za Nairobi kwa macho yaleyale. Ripoti zote zinapima umbali kutoka kazini kwa miguu ya anayekwenda kazini. Baba alinufaika na lokesheni kila siku ya Mungu, mara mbili kwa siku. Bili ya udogo wa nyumba alilipa mama, aliyekuwa ndani saa ishirini na nne. Na nyanya yangu Vihiga alilipa bili nyingine, ya kuwa na nafasi yote na mume hayupo. Alikuja Muthurwa mara mbili tu maishani. Mara ya kwanza walitundika shuka katikati ya chumba, na wale wenzake babu wawili, kwa adabu yao, wakakaa nje wakicheza bao hadi usiku wa manane.

Baada ya uhuru kulikuwa na muda mfupi ambapo ilionekana swali hili lingejibiwa. Housing Finance ilianzishwa mwaka 1965 kukopesha watu pesa za nyumba. Kisha miaka ya 1970 ikaja Buruburu, kwa fedha za serikali na za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, awamu baada ya awamu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyumba zaidi ya 4,000. Nadhani vijana wanaoijua Buruburu kwa matatu zake zenye michoro hawajui ilivyokuwa ya ajabu. Maisoneti yenye ngazi ndani! Nyumba zilizozunguka kot, ili mama aone watoto wakicheza kutoka dirishani. Kipande cha ua kwa ajili ya kuongeza chumba baadaye. Na yote haya Eastlands, karibu na viwanda na mji. Karani, mwalimu, nesi, wangeweza kukopa na kulipa polepole. Nyumba ya mjini ilitangazwa kwa Mwafrika wa kipato cha kati kuwa ni ya familia, na ni yake.

Dandora ilikuwa jaribio la aina nyingine. Kuanzia 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wa kipato cha chini walipewa ploti 6,000 zenye choo, bafu na bomba, na kuambiwa: haya, jengeni vyumba vyenu wenyewe. Wengi walijenga, kisha wakapangisha vyumba ili walipe deni, wakabaki wao wenyewe na kimoja. Sipendi kuwalaumu. Ni hesabu ileile ya kina mama wa Pangani: mjini, nafasi ukiipata inakuomba uiuze.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa Buruburu pia. Tembea leo uone. Ule ua wa kuongeza chumba umeota flati ya ghorofa nne. Kot imezibwa na maduka ya simu. Flati niliyoitaka mimi imesimama mahali palipokuwa na maisoneti moja na mti wa mparachichi. Familia moja ilikuwa na vyote viwili pale. Sasa familia kumi na mbili zina lokesheni.

Turudi Kitengela, maana hata ile nafasi ina mwenyewe. Nilisimama pale na kiatu kimoja nikiwaza kwamba ni ardhi tupu inayongoja watu. Haikuwa tupu. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa na baadaye Laikipia, ikawasukumia hifadhi ya kusini, ambayo ni pamoja na Kajiado hii. Mbuga ya Nairobi ilipotangazwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini, upande wake wa kusini uliachwa bila ua, kwa sababu nyumbu na pundamilia walitoka kila mvua ikinyesha wakaenda kulisha tambarare za Athi na Kapiti, wakarudi kiangazi kwenye maji. Njia yao ilikatiza Kitengela. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya jamii iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake, na vipande vikaanza kuuzwa. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasijenge ua, ili wanyama wapite. Dola nne. Sisi tulikuwa tumekuja na mkopo wa Sacco.

Nilimuuliza broka kama wanyama bado hupita hapo. "Zamani, madam," akasema kunituliza. "Sasa hivi kuna waya kila mahali." Alidhani naogopa simba.

Usiku ule tulikaa mezani na karatasi. Kiswahili ni lugha yenye mzaha wake: nafasi ni chumba, nafasi ni bahati, na nafasi ni muda. Mtu akikuambia hana nafasi, huwezi kujua amekosa kiti, kazi au saa. Mume wangu aliandika nafasi za Kitengela kwa mita. Mimi niliandika kwa saa. Kitengela: saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, tukiwa wakarimu. Ndiyo, tangu 2022 kuna ile barabara ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, lakini inalipiwa, na matatu zetu nyingi hubaki chini na wenzao. Buruburu: saa moja na nusu kwa siku, kwenda na kurudi, tukihesabu mvua. Tofauti ni saa mbili na nusu. Siku 22 za kazi kwa mwezi, miezi 11 kwa mwaka. Saa 605. Gawanya kwa 24 upate siku 25 za mchana na usiku.

"Karibu mwezi," nikasema.

"Kila mwaka," akasema yeye.

Babu alikuwa na mwezi mmoja kwa mwaka nyumbani. Sisi tungekuwa na mwezi mmoja kwa mwaka ndani ya matatu. Sikulisema, lakini nadhani naye alikuwa amelifikia, kwa sababu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema yeye alikulia nyumba ya kupanga, familia ikihama kila landilodi alipopandisha kodi, na kwamba tangu utotoni hajawahi kupanda kitu akakivuna. Ndiyo maana alikuwa anahesabu hatua kule nyuma ya nyumba. Alikuwa anatafuta mahali pa mwembe.

Hapo tulikwama siku kadhaa. Mwembe si kitu cha kushinda kwa hesabu za matatu.

Kilichotusogeza mwishoni hakikuwa historia. Ni binti yetu kuugua kifua usiku mmoja, nasi kufika hospitalini ndani ya dakika kumi na tano kutoka hapa tunapopanga. Tukiwa tumekaa kwenye benchi, mume wangu akaniuliza kutoka Kitengela ingetuchukua muda gani usiku ule, kwenye ule udongo, kwenye ile mvua. Sikumjibu. Asubuhi alimpigia wakili simu akaulizia ile flati. Tulihakikisha mambo mawili ambayo nashauri kila mtu ayahakikishe: kwamba yuniti ina hatimiliki yake yenyewe chini ya sheria ya 2020, na miaka iliyobaki kwenye lisi ya ardhi. Ikiwa lisi ni ya miaka 99 na ilianza miaka ya 1970, fanya hesabu mtoto wako atakuwa na umri gani ikiisha. Wetu atakuwa na miaka hamsini na kitu, atahangaika yeye.

Sijui kama tumechagua vizuri. Najua tumemchagulia mtu fulani jikoni ndogo, na kwamba huyo mtu mara nyingi ni mimi. Tulikubaliana jambo moja kabla ya kutia sahihi: chumba cha pili hakitalaza mjomba yeyote, wiki mbili wala miaka minne, bila sisi wote wawili kukubali. Mume wangu amenunua ndoo kubwa ya rangi, ameitoboa chini, na ameiweka kwenye roshani. Ina mche wa ndimu. Anasema mwembe utangoja.

Mama alikuja kuona mwezi uliopita. Alipanda ngazi zile akipumzika kila ghorofa, akakataa chai, akaanza kupima sebule kwa hatua, kisigino kwa kidole, kama mume wangu alivyofanya Kitengela. Akaingia chumba cha kwanza. Akaingia cha pili, akafunga mlango, akakaa humo peke yake dakika kama mbili. Alipotoka hakusema kitu. Akaenda jikoni, akafungua bomba, akangoja. Bomba likakohoa, likatoa hewa.

"Maji huja siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Basi nunua tangi," akasema, akaanza kutafuta mahali pa kuliweka.